Hilux imenyanyuliwa inchi 4, stelingi hairudi na gari inatangatanga: uanze na lipi?

"Shikamoo fundi. Nina Hilux ya 1994 ya dizeli, injini 3L, springi za bapa mbele na nyuma. Naishi Karatu, kazi yake kubwa ni kutoa vitunguu Mang'ola na mara mojamoja naenda nayo Arusha. Mwaka jana niliinyanyua kama inchi 4, fundi springi akaongeza majani mbele na nyuma, akaweka na shakoli ndefu (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi), alafu nikavalisha tairi za inchi 33. Baada ya hapo nikiingiza foo wili propela ya mbele, ile shafti inayozungusha ekseli, ikawa inanguruma, tukaweka kabari kwenye ekseli ya mbele ikatulia. Sasa shida ni stelingi. Nikikata kona hairudi yenyewe mpaka niivute, kwenye lami nikifika 70 gari inatangatanga, tuta dogo tu linanivuta upande, na mara mbili nimeingia kwenye shimo mbele yote ikaanza kutetemeka mpaka nikasimama kabisa. Fundi mmoja anasema nikaze boksi la stelingi, mwingine anasema nifunge dampa mbili, kijana mwingine ananiambia nibadilishe mfumo wote niweke stelingi ya kukatiza. Hela sio nyingi. Nianze na lipi?"

Marahaba ndugu yangu, na pole sana, maana mtu ambaye hajawahi kushikilia usukani wakati mbele yote inacheza vile hawezi kujua moyo unavyoruka. Nashukuru umeandika kwa kirefu, kwa sababu kuna sentensi moja umeipitia haraka ambayo mi ndo imenishtua kuliko zote, ile ya kabari. Nitairudia huko chini ila ishike kichwani.

Kabla ya yote, ule mtetemo ulioupata mara mbili utakuja mara ya tatu, na haichagui mahali. Ukikukuta ukiwa na tani ya vitunguu unateremka kwenda Mto wa Mbu hali itakuwa mbaya sana. Kwa hiyo mpaka uifanyie hii kazi usipite 50 kwenye lami, na kule Arusha kama inawezekana panda basi. Nasema hivi nikijua gari ndo mkono wako wa kazi.

Sasa tuje kwenye swali. Unachokiona kama ugonjwa mmoja ni magonjwa matatu yamekaa gari moja, na ndo maana kila fundi anakupa dawa yake na kila mmoja ana ukweli kidogo. Stelingi kutorudi yenyewe ni kitu kingine, tuta kukuvuta upande ni kitu kingine, na mtetemo ni kitu kingine, japo vinasaidiana. Ukinunua dawa ya kimoja ukategemea kitibu vyote utamaliza hela na gari itabaki vilevile.

Nianze na hao walioshauri. Kukaza boksi: juu ya boksi la stelingi kuna skrubu yenye nati ya kufungia, na kweli ukiizungusha ile chezo ya usukani inapungua. Ila ile skrubu imewekwa kurekebisha uchakavu wa meno ndani ya boksi basi, haina habari na kitu kingine chochote kilicholegea huko chini. Ukiikaza kupita kiasi meno yanabana katikati, na boksi lililobana nalo linakataa kurudi baada ya kona, yaani unaongeza ule ugonjwa ulionao, na boksi linakufa mapema. Nimepokea magari mengi yaliyokazwa hivyo, unageuza usukani unasikia kabisa pale katikati kama unapita kwenye tope, kulia na kushoto laini. Kama na lako limeshakazwa, lilegezwe lirudi linapotakiwa kabla hujaanza kutafuta kitu kingine, la sivyo utakuwa unapima gari lililofungwa mguu.

Dampa ndo naiogopa zaidi. Dampa ya stelingi ni kama shokapu, kazi yake ni kulainisha mateke ya barabara yasifike mikononi, na gari lenye tairi kubwa linafaidika nayo, dampa moja nzima, nzuri. Lakini ukifunga mbili juu ya gari lenye kitu kilicholegea unachofanya ni kuziba mdomo wa mtu anayekuambia nyumba inaungua. Mtetemo utapotea miezi kadhaa, kile kilicholegea kitaendelea kulika kimyakimya, alafu siku dampa zinachoka au tairodi, lile bomba linalounganisha magurudumu mawili ya mbele, inachomoka ndo utajua. Kwa hiyo dampa iwe ya mwisho, tena chomoa hata hiyo uliyonayo wakati wa kutafuta ugonjwa ili uone gari likoje bila msaada.

Hatua ya kwanza haina gharama, unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia na kipande cha karatasi cha kulalia. Gari iwe chini juu ya tairi zake, usiipige jeki, injini inaunguruma, mwenzio akae kwenye usukani awe anachezesha kushoto kulia kidogokidogo, haraka, kama kati ya namba 11 na namba 1 kwenye uso wa saa, bila kuzungusha mpaka mwisho. We lala chini mbele ya ekseli, nje ya njia ya tairi, hendibreki imevutwa na kuna mawe nyuma ya magurudumu. Alafu tazama na ushike kwa vidole kila kiungo kimoja kimoja kuanzia kwenye boksi. Boksi lenyewe linacheza kwenye chasisi? Mkono wa pitiman, ule unaotoka kwenye boksi, unatembea sawa na shafti yake au unachelewa? Endi za dragi linki, lile bomba linalotoka kwenye pitiman kwenda gurudumuni, je, kuna moja ambayo bomba limeshaanza kwenda wakati kile kichwa chake bado kimesimama? Ukiweka kidole nusu kwenye bomba nusu kwenye kichwa unausikia ule mgongano hata kama jicho halioni. Endi za tairodi vilevile. Endi iliyokufa ni kubadilisha, haina mjadala, na haina ukarabati wa kupiga nyundo.

Kuna sehemu moja kwenye hizi Hilux za ekseli nzima mbele ambayo mafundi wengi hawaigusi. Ule mkono unaopokea dragi linki umefungwa kwenye nako, yaani kile kichuma kinachogeuka na gurudumu, kwa stadi 4 zenye vipete vya koni. Zile nati zinalegea, hasa gari likishavaa tairi kubwa na kupita barabara mbovu, alafu stadi zinaanza kulika na mwisho zinakatika. Safisha grisi na matope pale, weka spana, jaribu. Nikikumbuka gari moja ililetwa kwangu mwenye nalo amebadilisha endi zote nne, amefanya alaimenti mara tatu, mtetemo upo palepale, nikaweka spana kwenye zile nati, mbili zikazunguka kwa mkono mmoja kama za mlango wa kabati. Koni zilikuwa zimeshachimba matundu. Kama zako zimelegea usikaze tu ukaondoka, toa, angalia stadi na vile vipete, weka vipya, kaza kwa spana ya kipimo, alafu rudia kukaza baada ya kama kilomita 500.

Baada ya hapo ndo piga jeki. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza, mwenzio akanyage breki. Ikiacha kucheza, shida ni beringi za habu, ikiendelea kucheza hata breki imekanyagwa basi ni beringi za kingipini, ile ya juu na ile ya chini zinazobeba nako. Hizi beringi za kingipini ndo mzizi wa mitetemo mingi ninayoijua. Zinatakiwa ziwe zimebanwa kidogo, zina shimu nyembamba za kupima huo mbano, na fundi anayejua kazi anapima kwa mizani ya kuning'iniza, anafunga kwenye ncha ya mkono wa nako anavuta anaona inachukua kilo ngapi kuanza kugeuka, akiwa ametoa tairodi, habu na ile sili kubwa ya nyuma. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari, afuate hiyo. Zikiwa zimelegea, nako inakuwa huru kama mlango usio na bawaba nzuri, tuta moja linaanzisha mchezo na tairi nzito ya inchi 33 inauendeleza. Na ukiona ndani grisi imechanganyika na mafuta ya difu imekuwa uji mweusi ujue sili imekufa, hapo badilisha sili, beringi, na kila kitu kwa pamoja maana kuifungua ni kazi chafu hutaki kuirudia.

Usisahau springi zenyewe. Bushi za kwenye macho ya springi na za shakoli zikiisha ekseli nzima inahama kidogo kulia kushoto, na dereva anahisi kama stelingi ina chezo. Yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli nazo, kila gari lililoongezwa majani yanakaa chini baada ya muda na yubolti zinalegea, zikazwe. Pale katikati kuna ile pini inayounganisha majani, ikikatika ekseli inaweza kurudi nyuma upande mmoja na gari linaenda kiubavuubavu kama mbwa anakimbia. Pima kwa futi kutoka katikati ya habu ya mbele hadi habu ya nyuma, kushoto na kulia, stelingi ikiwa imenyooka. Ikipishana sana una jibu.

Haya, sasa kabari.

Angalia baiskeli. Ule uma unaoshika gurudumu la mbele haujasimama wima, juu umelalia nyuma kwa mwendeshaji. Ndo maana mtoto anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda imenyooka. Gari lina kitu hichohicho, mstari unaopita kwenye kingipini ya juu na ya chini unatakiwa ulale kidogo juu kuelekea nyuma, na mafundi wa alaimenti wanaita kasta. Kasta ikiwepo, tairi linaburutwa nyuma ya mstari wake na linajinyoosha lenyewe baada ya kona. Kasta ikiisha, hamna kinacholirudisha, linabaki pale ulipoliacha. Kasta ikienda upande mwingine ndo mbaya kabisa, tairi linataka kugeuka lenyewe.

Kwenye gari lenye springi za bapa kasta inaamuliwa na ekseli imelala vipi juu ya springi. Na difu ya mbele imeunganishwa na ekseli hiyohiyo, pua yake inaangalia nyuma kwenye propela. Kwa hiyo ukiizungusha ekseli ili pua ya difu inyanyuke iangalie propela vizuri, ile juu ya kingipini inaenda mbele, kasta inapungua. Ukiizungusha ili kasta iongezeke, pua ya difu inashuka na propela inapata kona kali. Havipatikani vyote viwili kwa kabari. Sasa we umesema propela ilikuwa inanguruma, ikawekwa kabari, ikatulia. Maana yake fundi wako alinyanyua pua ya difu, na kwa kufanya hivyo akakunyang'anya kasta. Hakuwa na nia mbaya, alitibu mlio uliomlalamikia. Ila mi nina hakika karibu yote kwamba stelingi yako ilikoma kurudi wiki ileile.

Nenda kaangalie. Kwenye Hilux yako springi zimekaa juu ya ekseli, kabari iko kati ya springi na kile kiti chake. Kama upande mnene umeangalia mbele, basi ndo hivyo nilivyosema, imetoa kasta. Upande mnene ukiwa nyuma inaongeza kasta. Alafu angalia ni ya chuma au ya aluminiamu, ya aluminiamu chini ya mzigo inasagika na kupasuka, ikitoka pale yubolti zote zinakuwa legevu kwa mpigo.

Shakoli ndefu nazo zinaingia hapo. Ikiwa shakoli iko nyuma ya ekseli ya mbele, kuirefusha kunaongeza kasta na kushusha pua ya difu. Ikiwa iko mbele ya ekseli, kinyume chake, kasta inapungua. Chungulia utaona ya kwako iko wapi. Nadhani utagundua mlolongo wote, shakoli ilishusha pua, propela ikalalamika, kabari ikanyanyua pua na kasta ikaenda nayo.

Ushauri wangu kwa gari lako na kazi yako ni huu: chagua kasta, propela ivumilie. Kwa nini? Kwa sababu gari lako lina frihabu, zile habu unazofunga ukitaka foo wili na kufungua usipoitaka. Ukiwa lami au vumbi la kawaida habu zimefunguliwa, propela ya mbele imesimama haizunguki kabisa, haiwezi kunguruma. Foo wili unaiweka kwenye tope la Mang'ola ukitembea kilomita 10 au 20 kwa saa, hapo mlio mdogo hauui mtu. Lakini stelingi unaitumia kila sekunde. Kwa hiyo toa ile kabari, gari liende kwenye mashine ya alaimenti ya kompyuta, waombe wakupe namba ya kasta kwenye karatasi, usikubali kuambiwa "iko sawa mzee". Kwa tairi za 33 mi napenda iwe digrii 3 mpaka 4 chanya, na pande zote mbili zikaribiane. Ikipungukiwa digrii 2 hivi weka kabari ya chuma upande mnene nyuma, sio zaidi ya hapo, na usipange kabari mbili. Baada ya hapo ingiza foo wili, tembea polepole, alafu simamisha gari, lala chini uangalie kama msalaba wa propela haubani gari likining'inia. Ukibana, urefu wa gari ndo umezidi, na hapo hamna kabari itakayokuokoa.

Ipo dawa inayotibu vyote, fundi anakata ule weldi wa yale matufe ya mwisho wa ekseli yanayobeba nako, anayageuza peke yake, kasta inapatikana bila kugusa pua ya difu. Inafanya kazi vizuri mno. Ila ni kazi ya karakana yenye vipimo na mtu anayejua kulehemu chuma cha namna ile, ikikosewa digrii moja upande mmoja gari litavuta maisha yake yote. Kwa bajeti yako iache.

Tuje kwenye tuta linalokuvuta. Hili ni la dragi linki. Kwenye Hilux yako dragi linki haikatizi toka upande mmoja wa gari kwenda mwingine, inaenda kwa urefu wa gari, toka mkono wa pitiman hadi mkono wa nako, inasukuma na kuvuta. Gari likiwa na urefu wake wa kiwandani hilo bomba liko karibu kulala. Ukinyanyua, boksi linapanda na chasisi, ekseli inabaki chini, bomba linakuwa mteremko. Chukua mfano wa bomba la sentimita 60. Likiwa limelala sawasawa, ekseli ikipanda sentimita 4 kwenye tuta, ncha yake inasogea kama milimita 1 tu na kitu, huwezi kuihisi. Likiwa limeshuka sentimita 10 upande wa ekseli, tuta lilelile la sentimita 4 linaisogeza zaidi ya milimita 5. Mara nne! Na ukiingia shimoni, ekseli ikashuka sentimita 4, inakuwa milimita 8. Hizo milimita zote zinageuza tairi wakati we umeshika usukani umenyooka. Ekseli nayo ina safari yake kwenye springi inayoongeza au kupunguza kidogo, lakini mteremko wa bomba ndo baba wa hii shida. Hata ukikanyaga breki kwa nguvu ukahisi gari linavuta upande mmoja, ni ndugu yake huyohuyo, ekseli inajisokota kidogo kwenye springi na kulisukuma lile bomba.

Dawa yake ni kulilaza lile bomba. Njia ya bei nafuu ni mkono wa nako ulionyanyuliwa, unaotengenezwa kwa ajili ya hizi Hilux, unabadilisha ule wa kiwandani dragi linki inarudi kulala. Njia ya pili ndo hiyo ya kijana, stelingi ya kukatiza, mikono mipya juu ya nako na boksi la aina nyingine linalosukuma kulia kushoto badala ya mbele nyuma. Kijana hajakosea, ni mfumo mzuri kuliko wote kwa gari refu. Ila mwambie akueleze na haya: lile boksi linafungwa ubavuni mwa chasisi, na chasisi za hizi Toyota zinapasuka hapo kwa tairi kubwa kama hazijawekewa bamba la kuimarisha. Kwa hiyo hesabu boksi, mikono, mabomba, bamba, na welda wa uhakika. Kwa gari la vitunguu la inchi 4 sioni kama unaihitaji.

Na kuna njia ya tatu ambayo nakuomba uifikirie kwa utulivu: kushusha gari. Inchi 2 badala ya 4. Najua ulilipa hela na gari linapendeza likiwa juu. Ila angalia, karibu kila ugonjwa ulioandika umezaliwa na zile inchi 2 za mwisho. Kinachokupitisha kwenye mawe ya kwenda Eyasi ni tairi, maana tairi ndo pekee linaloinua difu, springi zinainua chasisi tu. Tairi za 33 zitakaa kwa inchi 2 kwa kukata kidogo kwenye fenda na kurekebisha vizuizi vya kona. Ungekuwa mdogo wangu ningekwambia fanya hivi.

Hasa kwa sababu ya yale majani. Springi zilizoongezwa majani mapya juu ya ya zamani zinakuwa ngumu wakati gari ni tupu, na gari tupu ndo linaenda Mang'ola. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati tairi zinaruka badala ya kufuata, na tairi lililo hewani halina stelingi wala breki. Mbele hupakii vitunguu, mbele pana injini tu, hakukuwa na sababu ya kuongeza majani mengi pale. Rudi kwa fundi springi, mwambie akuondolee jani moja au mawili mbele, yanayobaki ayakunje kwa kipimo kinachofanana kulia na kushoto, na ncha za majani zisagwe ziteleze. Nyuma bakiza nguvu kwa ajili ya mzigo. Na tafadhali, asikuwekee kipande cha chuma wala mbao kati ya springi na ekseli ya mbele kutafuta urefu. Kamwe. Breki za mbele zinakisokota kile kipande kila unapokanyaga na siku kinachomoka.

Bushi za mpira zikibadilishwa, boliti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, ukikaza linaning'inia mpira unajisokota na kuchanika mapema, gari nalo linakuwa gumu bure. Shokapu ziwe za urefu unaolingana na springi: ekseli ikining'inia, shokapu isiwe ndo kamba inayoizuia, na springi ikikandamizwa hadi mpira wa kugonga, shokapu isifike mwisho wake kwanza.

Tairi na rimu haraka haraka. Balansi zifanywe upya, tairi ya 33 isiyo na balansi inatosha kuanzisha mtetemo. Kama uliweka na rimu zinazotoka nje sana au spesa za kusogeza gurudumu nje, kila shimo lina mkono mrefu wa kupinda stelingi yako, ukizirudisha ndani utaona tofauti siku hiyohiyo. Upepo usijaze mpaka tairi ligonge kama jiwe, pima kwa chaki: chora mstari kukata uso wa tairi, tembea mita chache, chaki ikifutika katikati tu umezidisha. Na tairi za mbele zitazamane ndani milimita 1 mpaka 3, hii unaweza kupima nyumbani kwa futi, nyuma ya tairi na mbele ya tairi kwa urefu wa habu, mbele iwe fupi kidogo.

Hukuuliza breki lakini siwezi kunyamaza. Nyuma kwenye chasisi kuna vavu ya breki yenye mkono mrefu ulioshikwa na ekseli, inapima mzigo kwa kuangalia gari limeshuka kiasi gani. Ukinyanyua gari, vavu inadhani gari ni tupu siku zote na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umejaza. Ule mkono urekebishwe ulingane na urefu mpya. Na hozi za breki, ekseli ikining'inia kabisa huku umekata kona mpaka mwisho, zisivutike.

Kwa hiyo kwa hela ndogo mi ningeanza na kulala chini na kukaza au kubadilisha vilivyolegea, kingipini ikiwemo, alafu kutoa kabari na kupata namba ya kasta, alafu springi za mbele kupunguzwa. Ukifika hapo endesha wiki moja. Kama tuta bado linakuvuta ndo ununue ule mkono wa nako ulionyanyuliwa, dampa moja mpya imalizie.

Vitu vya kumpelekea fundi aliyebobea bila kujaribu mwenyewe ni kingipini, boksi la stelingi, na ukiona ufa wowote kwenye chasisi karibu na boksi. Na mtu yeyote akikwambia atapasha moto mkono wa pitiman aukunje, au ataunga dragi linki kwa weldi ili iwe ndefu, chukua funguo zako uondoke hata kama ni jirani yako. Chuma cha stelingi kikishapashwa hakirudi kuwa kilekile, na kikikatika hamna cha kushika.

Ukishachungulia, niandikie mambo mawili: upande mnene wa kabari unaangalia wapi, na mashine imetoa kasta ngapi kushoto na ngapi kulia. Nikipata hizo namba nitakwambia kabari ya digrii ngapi, au kama hauihitaji kabisa.